Watoto wa Shaba: Kampuni, Mfanyakazi na Hesabu ya Uendelevu Katanga

Uendelevu, kwa maana ambayo neno hilo limepewa katika taarifa za mwaka za kampuni kubwa za leo, ni uwezo wa shughuli ya uzalishaji kudumu bila kuvila vile vinavyoitegemeza, yaani ardhi, maji, nishati na watu. Neno lenyewe ni geni katika Kiswahili cha ofisini, lakini tatizo linalotajwa nalo ni kongwe, na miongoni mwa mahali ambapo lilijitokeza mapema na kwa ukali barani Afrika ni Katanga, eneo la kusini mashariki mwa Kongo ambalo uchumi wake ulishikwa kwa miaka sitini na kampuni moja, Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni hiyo ilikaa juu ya ukanda wa shaba ambao wanajiolojia hawakuuona mwisho wake, hivyo madini hayakuwa wasiwasi wake mkubwa. Rasilimali ya kwanza kuiishia ilikuwa watu. Dawa iliyobuniwa dhidi ya upungufu huo, na maana tofauti kabisa ambayo waliotibiwa waliipa dawa hiyo, zimeacha alama zinazoonekana hadi leo katika miji ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na hata katika Kiswahili kinachozungumzwa huko.

Shaba ya Katanga ilianza kuyeyushwa karne nyingi kabla ya kampuni kuwapo. Makaburi ya kale ya bonde la Upemba yamefukuliwa yakiwa na misalaba midogo ya shaba, ambayo kwa nyakati mbalimbali ilitumika kama pambo, kama mahari na kama fedha. Mafundi wake, waliojulikana kwa jina la walaji wa shaba, walichimba na kuyeyusha wakati wa kiangazi baada ya mavuno, wakijenga tanuru kwa udongo wa vichuguu na kuchochea moto kwa makaa ya miti na mivukuto, na mvua zilipokaribia waliziacha tanuru zao wakarudi mashambani. Katikati ya karne ya 19 Msiri, mfanyabiashara wa Kisumbwa aliyetoka magharibi mwa Tanzania ya leo, alijenga dola la Garenganze lenye makao yake Bunkeya, na watu wake, Wayeke, wakaiingiza shaba hiyo katika biashara ya pembe za ndovu na watumwa iliyofika pwani zote mbili za bara. Misafara hiyo ndiyo iliyokileta Kiswahili Katanga, kikiwa bado lugha ya wapita njia. La kuzingatia katika enzi hiyo ni kwamba hapakuwa na mtu aliyekuwa mchimbaji mwaka mzima: uchimbaji ulifuata kalenda ya kilimo, na jamii iliyomlisha fundi ndiyo hiyohiyo iliyomlea mwanawe na kumtunza mzee wake. Gharama ya kumpata fundi wa kesho haikuwa ya mtu mmoja wala ya biashara moja.

Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na kikosi kilichotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet alichunguza miamba ya Katanga na kutambua ukubwa wa utajiri uliokuwamo. Union Minière iliundwa tarehe 28 Oktoba 1906. Waliokuwa nyuma yake ni Société Générale de Belgique, kampuni ya fedha iliyoshika sehemu kubwa ya viwanda vya Ubelgiji, Tanganyika Concessions ya Mskoti Robert Williams, na Kamati Maalumu ya Katanga, chombo chenye mamlaka ya kidola kilichogawa ardhi na vibali vya madini katika eneo hilo. Haki za uchimbaji zilitolewa hadi mwaka 1990, na muda huo wa zaidi ya miaka themanini unafaa kukumbukwa kila panapoulizwa kwa nini kampuni ya kikoloni ilijishughulisha na uzito wa watoto wachanga: waliokuwa wakipanga mambo yake walikuwa na nafasi ya kufikiri kwa vizazi, si kwa misimu. Mwaka 1910 reli iliyotoka kusini ilifika mahali palipoanzishwa mji wa Élisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, na mwaka 1911 tanuru la kwanza likatoa shaba, karibu tani 1,000 kwa mwaka huo. Makaa ya kuliwasha yaliletwa kwa treni kutoka Wankie, Rhodesia ya Kusini, ambayo sasa ni Hwange nchini Zimbabwe.

Watu wa kulihudumia tanuru hilo walikuwa wachache. Uwanda wa juu wa Katanga haukuwa na wakazi wengi tangu mwanzo, na vita vya watumwa pamoja na ugonjwa wa malale vilikuwa vimewapunguza zaidi. Isitoshe, mkulima aliyekuwa na shamba lake hakuona sababu ya kuliacha aende kuchimba kwa ujira mdogo. Mwaka 1910 iliundwa Bourse du Travail du Katanga, shirika la kukusanya vibarua vijijini kwa niaba ya migodi na reli, na mawakala wake walifanya kazi bega kwa bega na machifu na maofisa wa serikali kwa njia ambazo mara nyingi hazikutofautiana na kulazimisha. Upande wa kusini kampuni ilipata watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, waliokuwa wamezoea kazi za migodini na kulipwa kwa fedha za Kiingereza. Mikataba ilikuwa mifupi, ya miezi sita au zaidi kidogo, na kibarua alikuja peke yake, akalala katika vibanda vilivyosongamana na kula unga usio na cha kuusindikiza. Vichomi, kuhara damu na homa ya matumbo viliua wengi kila mwaka, na homa ya mafua ya mwaka 1918 ikapita katika kambi kama moto katika nyasi kavu. Wengine waliotoroka walifanya hivyo kabla hawajafundishwa hata kushika sururu ipasavyo, na waliomaliza mkataba waliondoka siku ileile ambayo walikuwa wameanza kuwa mafundi.

Kwa mtazamo wa daftari la hesabu, kila kibarua wa namna hiyo alikuwa hasara iliyogawanyika sehemu nyingi: nauli ya kumleta, malipo ya wakala, wiki za kumzoesha, chakula cha siku alizougua, na nafasi iliyobaki wazi alipokufa au kutoroka. Miaka ya 1920 iliongeza sababu nyingine mbili. Faranga ya Ubelgiji ilishuka thamani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na hivyo mfanyakazi wa Rhodesia aliyelipwa kwa paundi akawa ghali kupita kiasi. Na watawala wa Kibelgiji walikuwa na hofu ya siku nyingi kwamba Katanga, ikiwa na reli ya Kiingereza, mtaji wa Kiingereza na vibarua kutoka koloni la Kiingereza, ingeweza siku moja kumezwa. Kampuni ikageukia kaskazini, kwa watu wa Lomami na Kasai, na kuanzia mwaka 1925 ikaandikisha hata kutoka Rwanda na Burundi, ambako vijana waliozoea hewa ya milimani waliletwa mahali pa joto na magonjwa wasiyoyajua, na wengi wakafa.

Ni katika mgeuko huo kutoka kusini kwenda kaskazini ndipo Kiswahili kilipopewa kazi mpya. Kabla ya hapo amri za migodini zilitolewa kwa mchanganyiko wa lugha za vibarua, ukiwemo Fanagalo, lugha ya migodi ya Afrika Kusini iliyopanda na reli. Wakubwa wa kampuni na serikali walipendelea Kiswahili, kwa sababu kilikwisha kutumika mashariki mwa Kongo, hakikuwa mali ya kabila lolote la kambini, na hakikunuka Uingereza. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyechunguza jambo hili kwa undani, ameonyesha jinsi vitabu vidogo vya msamiati vilivyoandaliwa kwa wasimamizi wa Kizungu vilivyokifanya kuwa lugha ya amri. Kiswahili cha vitabu hivyo kilikuwa cha kuita na kutuma, chenye nomino za vyombo na vitenzi vya kuamuru. Kilichotokea baadaye hakikuwa katika mpango wa mtu yeyote, na maelezo yake yatafuata mahali pake.

Kuanzia mwaka 1927 na 1928 kampuni ilibadili mwelekeo kwa sera iliyoitwa ya kuwatuliza wafanyakazi mahali pamoja. Kutuliza hapa maana yake ni kumfanya mfanyakazi akae, yaani kuacha kumkamua kibarua wa msimu na badala yake kumweka kwa mkataba wa miaka mitatu unaoweza kuongezwa, pamoja na mke na watoto, katika nyumba ya matofali ndani ya kambi ya kampuni. Mwenye jina kubwa katika sera hiyo ni daktari Léopold Mottoulle, ambaye baada ya kuitumikia kwa miaka mingi alichapisha mwaka 1946 tathmini ya matokeo ya miongo yake miwili. Kwamba sera ya ajira iliongozwa na tabibu si jambo la bahati. Tatizo lilikuwa limeelezwa tangu mwanzo kwa lugha ya vifo na vizazi, na kwa hiyo dawa yake ilipimwa kwa mizani ya kliniki.

Kijana asiyeoa alitiwa moyo kuoa, na kampuni ilikuwa tayari kumkopesha fedha za mahari ambazo zilikatwa baadaye katika ujira wake. Mke aliyefika kambini alipewa posho yake, na mtoto yake, kila mmoja kwa kipimo. Neno posho, ambalo katika Kiswahili cha Tanzania limehamia kwenye bahasha za semina na vikao, kule Katanga lilimaanisha hasa mgao wa chakula uliotolewa kwa wiki: unga wa mahindi, nyama au samaki, karanga, mafuta ya mawese na chumvi. Kwa kuwa unga huo ulihitajika kwa wingi na kwa uhakika, kampuni ilijihusisha na usagaji kupitia kinu cha Kakontwe, karibu na Likasi. Mjamzito alifuatiliwa, uzazi ulihamishiwa hospitalini, na mtoto mchanga alipelekwa kupimwa uzito kwa siku zilizopangwa na kupewa lishe ya ziada. Alipokua aliingia katika shule iliyofadhiliwa na kampuni lakini iliyoendeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, hasa Wabenedikto waliokuwa chini ya Jean-Félix de Hemptinne, mtu mwenye sauti nzito katika siasa za koloni. Hapo mvulana alifundishwa kusoma, kuhesabu, kusali na kutumia mikono, na msichana alifundishwa kushona, kufua na kuendesha nyumba kwa namna ya mke wa mfanyakazi wa Ulaya. Serikali, kanisa na kampuni walikuwa mafiga matatu ya chungu kimoja.

Hoja iliyoendesha yote hayo haikufichwa. Mtoto aliyezaliwa kambini, akalishwa kwa posho ya kampuni na kufundwa katika shule yake, angekuwa mfanyakazi asiyehitaji nauli, aliyezoea maji na hewa ya mahali, aliyekua akisikia king'ora cha zamu, na asiyekuwa na shamba la kurudia. Kwa msamiati wa leo hiyo ingeitwa ukuzaji wa rasilimaliwatu unaofungamana na malengo ya kimkakati, na si rahisi kupata mfano wake ulio safi zaidi, kwa sababu hapa binadamu alikuzwa kwa maana halisi ya neno hilo, tangu tumboni. Kwa kipimo cha kampuni yenyewe sera ilifanikiwa kwa namna ya kushangaza. Vifo vilipungua sana katika muda mfupi, utoro ulishuka, na ndani ya muongo mmoja na nusu wafanyakazi walioishi na wake zao wakawa wengi kuliko wapweke. Mwanahistoria asiyetaka kuikiri hatua hiyo kwa sababu tu ya nia iliyokuwa nyuma yake angewapuuza maelfu ya watoto walioishi ambao katika kambi za mwaka 1915 wasingeishi.

Hata hivyo nyumba ya matofali ilikuwa na mlango uliofunguliwa kutoka nje. Mkuu wa kambi, Mzungu mwenye mamlaka juu ya mambo yote yasiyo ya mgodini, aliweza kukagua usafi wa vyumba, kujua nani amelala kwa nani, kuzuia wageni na pombe, na kusuluhisha ugomvi wa ndoa. Posho iliyomlisha mfanyakazi ilikuwa pia hatamu yake, kwani asiyefika kazini aliikosa. Juu ya yote hayo ilisimama sheria ya mwaka 1922 ya mikataba ya kazi, ambayo ilimruhusu mwajiri kumpeleka mahakamani mfanyakazi Mwafrika aliyevunja mkataba, si kwa madai ya fidia bali kwa kifungo. Wanawake, ambao mpango uliwataka wawe mama wa nyumbani na basi, walilima bustani pembezoni mwa kambi, wakauza mboga na kupika pombe kwa siri, na hivyo kuwa na kipato ambacho hakikuwa katika daftari la mtu.

Upande wa ufundi kampuni ya Katanga ilitofautiana na majirani zake wa kusini. Katika migodi ya Afrika Kusini, na baadaye ya Rhodesia ya Kaskazini, vyama vya wafanyakazi Wazungu vilizuia Waafrika kushika kazi za ujuzi, mpaka ambao ulijulikana kama mstari wa rangi. Union Minière, iliyokuwa imechoshwa na migomo na mishahara mikubwa ya Wazungu wake, iliwafundisha Waafrika kuendesha treni, mitambo ya kuchimbia na mashine za viwandani mapema zaidi. Ukarimu wa rangi haukuhusika sana. Mwafrika aliyekaa miaka kumi aliweza kufanya kazi ya Mzungu aliyekaa miwili kwa sehemu ndogo ya gharama, na kazi ya uhandisi na uongozi ilibaki mikononi mwa Wabelgiji hadi karibu na uhuru.

Maji na moto vilipangwa kwa akili hiyohiyo. Kutegemea makaa ya Wankie kulikuwa udhaifu, na mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira lilianza kutoa umeme, likizamisha bonde na kuumba ziwa Tshangalele, ambalo sasa lina wavuvi wanaolijua kama ziwa la siku zote. Njia ya kusafirishia madini nayo iliongezwa: reli ya kuelekea Ilebo ilikamilika mwaka 1928, na ile ya Benguela ikaifikisha shaba ya Katanga katika bahari ya Atlantiki kupitia Angola mwaka 1931.

Mwaka huohuo wa reli ya Benguela ulikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi wa dunia, na hapo ndipo sera ya kutuliza ilipopata mtihani wake wa kwanza. Uzalishaji, ambao mwishoni mwa miaka ya 1920 ulikuwa umepita tani 100,000 kwa mwaka, ulipunguzwa kwa haraka, na idadi ya wafanyakazi Waafrika ikashuka kwa zaidi ya nusu. Waliokuwa wameambiwa wakae walipakiwa katika treni na kurudishwa makwao. Waliobakizwa walikuwa hasa wale waliogharimu zaidi kuwafundisha. Katika maandishi ya kampuni jambo hili halikuonekana kuwa ukinzani, na kwa kweli halikuwa ukinzani, kwa sababu kilichokuwa kimeahidiwa uendelevu ni uzalishaji.

Mtihani wa pili ulitoka upande mwingine. Kongo ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia upande wa washirika, shaba ilitakiwa kwa wingi, saa za kazi zikaongezwa na bei za vitu madukani zikapanda kuliko ujira. Mwaka 1941 wafanyakazi Wazungu walianza kujipanga kudai nyongeza, na Waafrika walioona jambo hilo kwa macho yao hawakuhitaji mwalimu. Mgomo ulianza mwanzoni mwa Desemba katika viwanda vya Likasi, mji ambao wakati huo uliitwa Jadotville, na ukafika Lubumbashi. Tarehe 9 Desemba wagomaji walikusanyika katika uwanja wa mpira wa miguu, gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika na askari, na karani Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao, alikuwa miongoni mwa waliopigwa risasi na kufa. Waliouawa siku hiyo ni makumi, na makadirio yasiyo ya kiserikali huzidi sana yale ya serikali. Mgomo huo ulianzia katika karakana na viwanda, kwa mafundi na makarani, watu wa mikataba mirefu waliokuwa na wake, watoto na lugha moja ya kuzungumzia mambo yao. Sera iliyokusudiwa kuzalisha wafanyakazi watulivu ilikuwa imezalisha, kwa njia hiyohiyo, wafanyakazi wanaofahamiana.

Baada ya vita kampuni ilitoa zaidi: mwaka 1946 yalianzishwa mabaraza ya wafanyakazi Waafrika, ambamo wawakilishi waliweza kutoa malalamiko ingawa hawakuweza kuamua lolote, na miaka ya 1950 ilileta nyumba bora, vituo vya akina mama, shule za ufundi na viwanja vya michezo. Mwaka 1957 lilianza gazeti la kampuni lenye jina la *Mwana Shaba*, ambalo baadaye lilipata mdogo wake, *Mwana Shaba Junior*, kwa ajili ya watoto wa shule. Jina hilo lilibeba falsafa nzima ya kampuni kwa maneno mawili: mfanyakazi ni mwana, na kampuni ni mzazi. Waliolichagua walikusudia utii. Lakini katika jamii za Katanga mwana hana wajibu wa kutii tu. Ana haki ya kulelewa, kuozeshwa, kutetewa na kurithi, na baba asiyetimiza haya hupoteza heshima yake mbele ya ukoo. Kwa kujiita baba, kampuni ilikuwa imetia sahihi mkataba ambao vipengele vyake viliandikwa na upande wa pili.

Wakati huohuo watu wa kambini walikuwa wakijenga udugu wao wenyewe juu ya msingi uliojengwa kwa sababu nyingine. Huko Kolwezi padri Mfransisko Placide Tempels, aliyejulikana kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, alishiriki mwaka 1953 kuanzisha vuguvugu la kidini lililoitwa Jamaa, ambalo wafuasi wake wa mwanzo walikuwa hasa wafanyakazi wa migodini na wake zao, wakikutana kama wanandoa na kuitana baba na mama. Mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili. Na hapa ndipo lile lisilopangwa linapoingia: watoto waliozaliwa kambini na wazazi wa Kiluba, Kibemba, Kisanga au Kitetela walikua wakizungumza Kiswahili kama lugha yao ya kwanza, na lugha iliyoandaliwa kwa kuita na kutuma ikawa ya kubembelezea, kutania, kuombea na kuandikia. Mwaka 1965 André Yav aliandika katika Kiswahili hicho historia ya mji wa Élisabethville kama walivyoikumbuka watumishi wa nyumba za Wazungu, maandishi ambayo kwa ufasaha wa Unguja yangeonekana yamejaa makosa, lakini ambayo ni miongoni mwa historia chache za mji wa kikoloni zilizoandikwa kutoka jikoni.

Mwaka 1960 uzalishaji ulifikia tani zipatazo 300,000. Tarehe 11 Julai mwaka huo kiongozi wa jimbo, Moïse Tshombe, alitangaza Katanga kujitenga, na kodi za Union Minière zikalipwa kwa serikali yake hadi jaribio hilo liliposhindwa Januari 1963. Mwanzoni mwa mwaka 1967 serikali ya Rais Mobutu iliitwaa mali ya kampuni hiyo nchini Kongo, na chombo kipya cha umma, ambacho baada ya kubadilishwa majina kilitulia kwa jina la Gécamines, kikarithi migodi pamoja na shule, hospitali, posho na gazeti. Jimbo lenyewe liliitwa Shaba kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970 hadi mwaka 1997. Kwa kipindi fulani baba mpya alionekana kuwa mkarimu kuliko wa zamani, kwani watoto wa wafanyakazi walipelekwa vyuoni na nafasi za uhandisi zikashikwa na Wakongo.

Udhaifu ulikuwa chini ya ardhi na juu yake. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, vita vya Angola vikaifunga reli ya Benguela mwaka 1975, na mapato yaliyopaswa kununulia mitambo mipya na kuimarisha mashimo yalichukuliwa kugharimia utawala wa Kinshasa. Uzalishaji ulikaribia tani 470,000 katikati ya miaka ya 1980, lakini ulikuwa uzalishaji wa mtu anayekula mbegu. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, ulio chini ya ardhi karibu na Kolwezi, iliporomoka. Mwaka uliofuata maduka na karakana viliporwa, na mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, ambao babu zao walikuwa wameletwa na mawakala wa kampuni na ambao wengi walikuwa mafundi wake hodari, walifukuzwa Likasi na Kolwezi kwa uchochezi wa wanasiasa, wakalala wiki nyingi katika stesheni wakisubiri treni. Mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000.

Mishahara ilianza kuchelewa kwa miezi, kisha ikakoma. Katika kambi ambazo wenyeji wake walikuwa wamefundwa kwa vizazi vitatu kutokuwa na shamba, wake walichukua majembe na mabeseni ya biashara, na watoto wakaenda kuchimba. Mwanahistoria wa Lubumbashi Donatien Dibwe dia Mwembu, katika kitabu alichokitoa mwaka 2001, ameieleza historia hii yote kama historia ya mamlaka ya baba, na jina la kitabu chake linawataja wana wa shaba walioachwa na baba yao. Uchunguzi wake unaonyesha kwamba anguko la kampuni lilikuwa pia anguko la mwanamume wa kambini, ambaye heshima yake nyumbani ilikuwa imefungwa katika posho aliyoileta. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, Gécamines iliwaondoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kila mmoja alipewa kiasi cha mara moja dhidi ya madai yake ya miaka, na wengi walikipokea kwa sababu hapakuwa na kingine cha kupokea.

Wakati wanakipokea, upande wa pili wa Lubumbashi mlima mweusi wa mavi ya shaba, yaani masazo yaliyomwagwa na tanuru tangu mwaka 1911, ulikuwa umeanza kupunguzwa. Kiwanda kilichojengwa pembeni yake mwanzoni mwa karne hii kilikuwa kikiyayeyusha upya masazo hayo ili kutoa kobalti, ambayo zamani ilitupwa pamoja nayo na ambayo sasa inahitajika katika betri. Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilikuwa imefungua mlango kwa wawekezaji binafsi, na migodi mipya ya Kolwezi na Fungurume imeipita mbali kwa wingi wa shaba ile ya enzi za Union Minière. Wafanyakazi wake wengi huajiriwa kupitia wakandarasi wa kati, hulipwa kwa fedha taslimu na hulala katika nyumba za kupanga, na neno uendelevu katika taarifa za kampuni hizo huwaelekea zaidi watu wanaouzunguka mgodi kuliko walio ndani yake. Sheria ya mwaka 2018 imeligeuza jambo hilo kuwa wajibu, ikiitaka kila kampuni ya uchimbaji itenge angalau asilimia 0.3 kwa ajili ya maendeleo ya jamii zilizo jirani nayo. Asilimia hiyo hupigwa kwa mapato ya mauzo, si kwa idadi ya wafanyakazi wala ya watoto wao.